Mizani Anamfundisha Mwanawe Kufeli

Ting.

Sauti moja tu, ndogo, kama kijiko kimegusa ukingo wa glasi. Ilitoka nyumbani kwa Soli usiku, mtaa ukiwa umeshazima taa, ikamfikia kila mwenye usingizi mwepesi. Asubuhi yake hapakuwa na habari nyingine kijiweni. Kijiwe chetu ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, kati ya bucha na kibanda cha kutengeneza simu, mkabala na jiko la Bi Birika, ambaye huuza kahawa na kukusanya maneno, na vyote huvitoa vikiwa moto. Upande wa kulia hukaa Mizani, mwenye bucha, mtu mpana anayepima kila kitu kwa kiganja kabla ya kukipima kwa mawe. Katikati hukaa Waya, fundi wa simu na redio, aliyemwoa dada yake Mizani, kwa hiyo ni shemeji yake kwenye raha na kwenye ubishi. Kushoto, penye mwanga, hukaa Soli, fundi viatu, na kiatu cha mtu mapajani. Yeye ndiye mkimya wetu. Asubuhi ile alikuwa mkimya kupita kawaida yake.

Mizani: Nimeisikia mimi. Mke wangu kaisikia. Hata mbwa wa jirani kaisikia, akaacha kubweka kwa heshima.

Bi Birika: Heshima ya nani?

Mizani: Ndilo nalotaka kujua.

Waya: Ile ni betri. Betri ikijaa inalia ting. Ikijaa kupita kiasi inalia tong, halafu nyumba inaungua.

Bi Birika: Soli, nyumba yako inaungua?

Soli: Haiungui.

Mizani: Basi tuambie. Maana baada ya ting nikasikia mwanamke anasema, "Vizuri sana." Na mwanamke huyo si mama watoto wako. Mama watoto wako namjua, hajakwambia vizuri sana tangu mlipooana.

Tukacheka. Soli akapitisha uzi, akauvuta, akaupitisha tena.

Soli: Ni kishikwambi. Cha binti yangu. Wamempa shuleni, siku nyingine anarudi nacho.

Bi Birika: Kishi nini?

Waya: Kishikwambi, Bi Birika. Tableti.

Bi Birika: Maskini. Mtoto anaumwa nini?

Waya: Si tableti ya kumeza. Ni kama simu kubwa, ila haipigi simu.

Bi Birika: Simu isiyopiga simu ya kazi gani?

Mizani: Hapo umeuliza. Tena shule nzima ile, wakampa binti wa Soli. Wengine hawana vidole? Soli, wamempaje?

Alikata uzi kwa meno, akaugeuza ule uzi mkononi kana kwamba jibu limefungwa ndani yake.

Soli: Amechaguliwa.

Neno hilo halikuwa la uongo, na ubaya wake ulikuwa hapo hapo. Mengine Soli alinisimulia baadaye, lakini afadhali uyajue sasa. Binti yake alikuwa amefika darasa la nne bila kuweza kusoma mstari mmoja hadi mwisho. Ni mtoto mwenye maneno, mwenye kumbukumbu, anayejua kila kiatu kilichoingia nyumbani ni cha nani na kimetobokea wapi. Lakini mwekee kitabu, herufi zinamgeukia. B inakuwa d, d inakuwa b. Siku moja waliambiwa waandike habari za nyumbani, naye akaandika, kwa mwandiko wa kujitahidi: Dada yangu ni fundi viatu. Darasa likaangua kicheko, maana dada hana, na baba yake wanamjua wote. Ndipo mwalimu mmoja akamwita Soli, akamkalisha kwenye kiti cha mtoto, akamweleza taratibu kwamba binti si mvivu wala si mjinga, kwamba jambo lile lina jina, na jina akalitaja. Akamwambia linafunguliwa darasa dogo kwa watoto wa namna hiyo, lenye vishikwambi vichache vya kufundishia, na watoto watapeana zamu za kwenda navyo nyumbani.

Soli aliitikia yote. Lile jina alitoka nalo kama mtu aliyejaza maji mdomoni, midomo kaibana, asiitikie salamu ya mtu. Hata mkewe hakumwambia. Alimwambia kama alivyotuambia sisi, amechaguliwa. Aliogopa jambo moja: mtaani kwetu jina likimshika mtoto halimwachii mpaka anazeeka nalo. Na binti yake, tangu kile kioo kiingie nyumbani, alikuwa ameacha kulia kila jioni penye daftari.

Sisi hatukujua lolote kati ya hayo. Sisi tulipewa neno moja, tukalifanyia kazi.

Mizani: Amechaguliwa. Mmesikia? Si nilisema yule binti ana kichwa?

Waya: Hukusema.

Mizani: Niliwaza kwa nguvu. Ungekuwa makini ungesikia.

Waya: Kazi ya kile kidude naijua. Mtoto anachora herufi kwa kidole juu ya kioo. Akikosea, mwanamke anamwambia, tujaribu tena. Akipatia, ting.

Bi Birika: Na huyo mwanamke yuko wapi?

Waya: Mbali huko. Wamemkalisha chumbani, kavaa spika masikioni, anasikiliza watoto wote wa dunia.

Bi Birika: Usiku kucha?

Waya: Kwetu usiku. Kwake labda mchana.

Bi Birika: Na hajamkaripia mtoto hata mmoja?

Soli: Hata mmoja.

Bi Birika: Basi huyo hajazaa.

Soli alitabasamu, akajisahau.

Soli: Hakuna mwanamke, Bi Birika. Ni mashine. Mtoto akikosea mara mia inarudia mara mia, kwa sauti ile ile, haichoki. Herufi inazinenepesha, inaziachia nafasi. Ule weupe wa karatasi inaugeuza rangi ya siagi, zisimchezee machoni. Halafu inamsomea hadithi, na kila neno inalolisoma linawaka, naye analifuata kwa kidole. Jana kalifuata mpaka mwisho wa ukurasa.

Hatukuwahi kumsikia Soli akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Ubao mzima ukamgeukia.

Mizani: Kwa nini herufi zimchezee machoni?

Soli: Ni namna ya kusema tu.

Akarudi kwenye kiatu chake, na kiatu kikampokea.

Waya: Ngoja niwape siri. Siri ni kidole. Mnadhani kwa nini benki wanataka kidole, simu inafunguka kwa kidole? Kidole kina njia yake, moja kwa moja mpaka kwenye ubongo. Kioo kinamimina akili, mtoto anapokea.

Mizani: Kama mrija.

Waya: Mrija mtupu.

Mizani: Kwa hiyo mtoto mwenye vidole vigumu...

Waya: Akili inafika, inagonga, inarudi ilikotoka.

Mizani akavitazama vidole vyake mwenyewe, vinene, vyenye makovu ya kisu, akavitazama kwa masikitiko. Kisha akaweka kikombe chini akaenda zake bila kuaga. Baadaye tulipata habari kwamba kitindamimba wake, anayesoma darasa moja na binti wa Soli, alianza kulowekwa vidole kwenye maji ya vuguvugu kila jioni, halafu anapakwa mafuta ya ng'ombe. Mtoto wa watu akawa hawezi kushika kalamu, kila akiishika inamponyoka.

*

Juma lililofuata Mizani hakuzungumzia bei ya ng'ombe wala joto. Alikuwa na shida moja, kitindamimba wake ataingiaje darasa la vioo. Waya ndiye aliyekuja na jibu, tena alikuja nalo mbiombio, kalamu ya kupimia umeme bado iko sikioni.

Waya: Shemeji, nimeufumbua. Binti yangu mwenyewe kaufanya ule mtihani wao wa kuchagua watoto, wanawaita wachache wachache.

Mizani: Kaingia?

Waya: Sikiliza. Wamempa ukurasa, kausoma wote, kama maji. Wakamwambia ahsante, rudi darasani kwako. Na binti wa Soli, kwa maneno ya binti yangu, alikwama neno la pili. Yeye ndiye aliyechukuliwa.

Msumari wa Soli ukasimama. Nyundo ilikuwa juu, ikabaki juu.

Waya: Nikalala nawaza. Anayejua wanamrudisha. Asiyejua wanamchukua. Kwa nini?

Bi Birika: Si kwa sababu asiyejua ndiye anayetaka kufundishwa?

Waya: Hapana, Bi Birika. Ingekuwa rahisi hivyo kila mtu angejua.

Bi Birika: Haya. Mimi ni wa kahawa.

Waya: Ule ni mtihani wa kinyume. Wanatafuta akili iliyojificha. Akili iliyo juujuu kila mtu anaiona, wataifanyia nini? Wao wanaitaka ile ya chini kabisa, haijaguswa, kama maji ya kisima kirefu. Mtoto akisoma harakaharaka wanajua huyu kisima chake kifupi, ndoo imeshagonga chini.

Mizani: Kwa hiyo binti yako ana kisima kifupi.

Waya: Nimeumia, lakini sayansi haina mjomba.

Mizani: Na wangu ili aingie...

Waya: Afeli. Tena afeli kwelikweli, asifanye mzaha.

Mizani akalipima shauri lile kwa kiganja, akaliona lina uzito. Hapo Soli akashusha nyundo.

Soli: Mizani, mwache mtoto asome alivyo. Usimfundishe hayo.

Mizani: Ahaa. Wa kwako keshaingia, sasa unafunga mlango.

Soli: Sifungi mlango. Vile vitu ni vichache, ndugu yangu. Wanakwenda navyo nyumbani kwa zamu. Akiingia asiyevihitaji, anayevihitaji anakosa siku yake.

Bi Birika: Anavihitaji kwa nini?

Lilikuwa swali jepesi, na mlango ulikuwa wazi. Ningekuwa najua niliyoyajua baadaye, ningemsukuma mgongoni. Soli alifungua mdomo. Waya akamtazama, Mizani akamtazama, mteja mmoja wa nyama naye akasimama kutazama wanachotazama wengine. Soli akaufunga mdomo, akaomba apewe gundi.

Mizani: Nilijua. Choyo. Binti yake atakuwa daktari, wangu abaki kukata mifupa.

Soli: Sijasema hivyo.

Mizani: Hujasema lolote, ndiyo taabu yako. Basi sikilizeni, kazi nimeshaianza. Jioni nikifunga bucha namkalisha juu ya kreti, namwonyesha herufi kwenye gazeti. Namwambia, wewe kila kitu sema sijui. Hii nini? Sijui. Na hii? Sijui. Mtu mzima mimi, nafundisha sijui.

Waya: Anaendeleaje?

Mizani: Mbishi. Namwambia sema sijui, yeye anataka kujaribu. Anakodoa macho, jasho linamtoka. Namwambia acha kuhangaika, feli tu, mbona rahisi.

Waya: Ubishi huo ni wa ukoo wenu. Dada yako yuko hivyo hivyo.

Mizani: Na utundu. Nilimpa chaki aandike kwenye ubao wa bucha, Leo mbuzi. Kaandika Leo mduzi. Mteja akaniuliza mduzi ni mnyama gani. Nikamwambia ni wa porini, tumemaliza.

Tulicheka mpaka Bi Birika akamwaga kahawa. Waya alitaka kujua mduzi ana kwato au kucha. Mtu mmoja akaagiza kilo ya mduzi usio na mfupa. Soli peke yake hakucheka. Alikuwa ameinua uso na kumtazama Mizani, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, kama anavyotazama kiatu kilicholetwa kwa tundu moja naye akaona mshono wote umelegea.

Soli: Aliandika hivyo siku moja tu?

Mizani: Kila siku. Nakwambia mtundu, anapenda kuchekesha watu.

Soli: Na wewe ukafanyaje?

Mizani: Siku ya kwanza nilicheka.

Soli: Na baadaye?

Mizani: Baadaye sikucheka.

Akajibu huku anatazama kikombe. Hakuna aliyeuliza zaidi, na maneno yakahamia kwenye mpira.

*

Kesho yake baada ya majibu kutoka, Mizani alifika kabla ya kahawa kuiva. Alivaa shati la kutokea, bado lina mikunjo ya sandukuni.

Mizani: Leo kunyweni, mimi nipo. Amefeli.

Waya: Kwelikweli?

Mizani: Kabisa. Kaja jana na habari, kachukuliwa. Kafeli kuliko wote waliofeli.

Waya: Ndiyo mafunzo hayo. Nani alikwambia mtihani wa kinyume?

Mizani: Wewe, shemeji. Kaa hapa karibu.

Bi Birika: Hongera. Sijawahi kumpa mtu hongera ya kufeli, lakini hongera.

Waya alikuwa ameshasimama juu ya furaha ya mwenzake, anajenga ghorofa. Alisema wafungue shule yao, ya kufundisha watoto kufeli kwa utaratibu, yeye mkuu wa shule, Mizani mwalimu wa somo la sijui. Akasema darasa la vioo ni mwanzo tu. Watoto wale wakishajazwa, watapelekwa mahali wakawe wasemaji na mashine, maana mashine zimekuwa nyingi na hazina wa kuongea nao. Mizani akaongeza kwamba kitindamimba wake ataongea na ndege zisizo na rubani. Bi Birika akasema yeye anajua watakwenda wapi. Watakwenda kwa yule mwanamke wa ting, wampokee zamu, na yeye alale.

Soli: Hakuna mwanamke, Bi Birika.

Bi Birika: Wewe mtetee tu kwamba hayupo. Ndivyo wanavyomnyima likizo.

Wakati huo akatokea mwalimu. Hatukumjua sura, maana ni mgeni mtaani, lakini mwalimu hajifichi: mkoba begani, vumbi la chaki kwenye mkono wa gauni, na namna ile ya kusimama mbele ya watu kama anahesabu nani hayupo. Soli alimjua. Aliinama juu ya kiatu mpaka pua ikakaribia kukigusa. Mwalimu alimwona, akampitishia macho kama mtu ambaye hajawahi kukutana naye. Alikuwa anamtunzia siri yake, na nadhani hicho ndicho kilichomchoma Soli zaidi.

Mwalimu: Shikamooni. Namtafuta mzee wa bucha.

Mizani: Marahaba, mwalimu. Ndiye mimi. Bi Birika, mpe mwalimu kahawa. Kaa, kaa, Waya sogea.

Mwalimu: Ahsante, mzee. Nimekuja kwa ajili ya mtoto. Tunaweza kuzungumza pembeni?

Mizani: Hapa hakuna pembeni, mwalimu. Hawa ndugu zangu wote. Tena habari nimeshaipata, nimefurahi mno. Na sitaki nikufiche kitu. Kazi yote ile niliifanya mimi.

Mwalimu: Kazi gani, mzee?

Mizani: Ya kumfundisha kufeli.

Mwalimu alishika kikombe kwa mikono yote miwili. Hakucheka, wala hakukasirika.

Mwalimu: Ulimfundishaje?

Mizani: Nilimwambia kila swali ajibu sijui.

Mwalimu: Hakusema sijui hata mara moja.

Mizani: Unaona huo ubishi?

Mwalimu: Alijaribu yote. Alishika meza huku na huku, akasoma neno moja moja. Tulimwonyesha baba, akasoma dada. Tukamwonyesha bado, akasoma dabo. Nikamwambia apumzike kidogo, akakataa. Akasema, baba yangu anataka niingie darasa hili, kwa hiyo nataka kusoma vizuri.

Mizani alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limebaki peke yake usoni, macho yameshaondoka.

Mwalimu: Sasa naomba kuuliza, mzee, si kwa ubaya. Hayo makosa alifundishwa na nani?

Mizani akamgeukia Waya.

Mizani: Shemeji.

Waya alifungua mdomo. Nimemjua Waya miaka mingi, nimemsikia akieleza radi, ndoa na mwisho wa dunia, na ile ndiyo mara pekee niliyomwona kafungua mdomo pasitoke kitu. Akatoa kalamu ya umeme sikioni, akaitazama, akairudisha.

Mizani: Labda alizidisha. Mtoto akitumwa huwa anazidisha. Ni mtundu, si ndiyo, hata kwenye ubao wa bucha...

Hakumaliza. Tuliona neno mduzi limemrudia. Alikaa nalo. Mkono wake mkubwa ulikuwa juu ya goti, akawa anautazama kama wa mtu mwingine, mkono ambao siku ya kwanza haukufanya kitu.

Mizani: Mwanangu si mjinga.

Mwalimu: Si mjinga, mzee. Hata kidogo.

Mizani: Basi kwa nini mmemchukua? Darasa lenu ni la vipanga. Soli yuko hapa, binti yake yumo, kachaguliwa. Soli, mwambie mwalimu. Lile ni darasa la watoto gani?

Soli alikichomoa kiatu kwenye kalibu, chuma chake cha kugongelea, akakiweka chini, na chini akaweka nyundo, na chini akaweka msumari aliokuwa ameubana kwa midomo. Ni mtu asiyeinuka hapo mpaka magharibi. Akainuka. Akapita mbele ya Waya, akampungia mkono asogee, akakaa karibu na Mizani mpaka mabega yakagusana.

Soli: La wangu kwanza, ndugu yangu. Halafu la wako.

Mizani: Umesema amechaguliwa.

Soli: Amechaguliwa kwa sababu hawezi kusoma. Miaka yote hii hawezi. Aliandika shuleni dada yangu ni fundi viatu. Dada huyo ni mimi. Walimcheka, akakataa shule, mimi nikadhani uvivu, nikafunga mlango, nikamchapa na mimi. Nilikuacha unampaka mtoto mafuta. Nilikuacha unamkalisha kwenye kreti. Bi Birika aliniuliza, nikaomba gundi; siku hiyo hiyo ya mduzi nilijua, nikanyamaza.

Bi Birika alizima jiko. Sijui kwa nini, maji yalikuwa bado.

Mizani: Ni ugonjwa?

Soli: Si ugonjwa. Si utundu. Kofi halilitoi. Kichwa chake ni kizima, tena ni kizuri, ila njia ya herufi kwake imepinda, inataka kufundishwa kwa namna yake. Kile kioo kina subira ambayo mimi sikuwa nayo. Wangu sasa anasoma ukurasa. Polepole, lakini ni ukurasa.

Mizani: Na zamu? Wa kwangu akiingia, wa kwako anapunguziwa siku.

Soli: Waje wasomee kwangu wote wawili. Siku ya wako ni siku ya wangu.

Mizani akatikisa kichwa kwa muda mrefu, juu chini, kama anayekubali kitu kimoja baada ya kingine. Kisha akajipangusa uso kwa shati la kutokea.

Mizani: Mama yake nilimwambia mtoto kafaulu kufeli. Kapika, kaita ndugu. Nikirudi ataniuliza, ni nini hasa. Nitamwambia nini, Soli? Jambo lenyewe linaitwaje?

Mwalimu aliweka kikombe, akavuta pumzi ya kujibu. Soli akamgusa mkono.

Soli: Samahani, mwalimu. Niachie mimi.

Waya akainama kusikiliza, Bi Birika naye, birika mkononi. Soli alilitafuta neno lile alikokuwa amelificha. Alipolitoa halikuwa kubwa. Alilisema kwa sauti ya kawaida, ile anayomwambia mteja kiatu kitakuwa tayari lini, polepole, ili Mizani aweze kulibeba mpaka nyumbani bila kulimwaga.

Soli: Disleksia.